Ukienda kumwona mheshimiwa, usirudi na selfi tu

Unajua stori inavyoenda. Kikundi cha vijana kinapata nafasi ya kumwona diwani au mbunge ofisini. Mashati yanapigwa pasi, chai inanywewa, mheshimiwa anawaambia "nyinyi ndio viongozi wa leo", kisha picha inapigwa pale kwenye ngazi. Miezi sita baadaye, mtaani bado ni giza.

Kukutana si kubaya. Juni 2024 vijana walifika hadi ndani ya Bunge kupinga Mswada wa Fedha, na Rais Ruto akakataa kuutia saini. Wapo wenzetu ambao hawakurudi nyumbani. Mlango uliofunguliwa kwa bei hiyo haufai kuishia kwa chai na picha.

Kwanza, jua mlango wa kubisha. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Ukimwitisha mbunge, atakuitikia tu kwa kichwa.

Pili, jua wakati. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukienda Agosti, chakula kilishapakuliwa. Nenda mapema, au Mei wakati kamati inapochambua makadirio hayo.

Tatu, usiende mikono mitupu. Kifungu cha 119 cha Katiba kinakupa haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti inakupa haki hiyo katika bunge la kaunti. Andikeni barabara gani, nguzo ngapi, tangu lini. Pelekeni kwa karani, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mnataka kujua pesa za mwaka jana zilienda wapi? Ulizeni kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuwajibu.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Siku hizi hata aliyekuwepo, kama hakuacha karatasi, lake halipo.

Picha pigeni, hakuna noma. Lakini kabla hamjatoka, ulizeni: nani atafuatilia hili, na tunarudi lini? Mkiposti ile picha, andikeni chini yake jibu na tarehe. Hapo mheshimiwa atajua mtaa mzima unahesabu siku.