Wazazi Wenzangu, Tuyakague Mabweni



Mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini katika sekondari ya Shauritanga, Rombo. Machi 2001, wavulana 67 wakafa Kyanguli, Machakos. Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri, ikapoteza watoto 21. Kila msiba ukitokea tunauliza ni nani aliyewasha moto. Hilo waachiwe polisi. Sisi tuulize kwa nini watoto hawakutoka.

Jibu limo katika jengo. Bweni la Endarasha lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa, na lilikuwa na wavulana zaidi ya 150. Katika jengo la namna hiyo ukuta wenyewe ni kuni, na moto ukishaushika, dakika za kutoka ni chache mno. Bweni la mbao au la mabati lililopigiliwa juu ya fremu za mbao halifai kulaza umati wa watoto, hata kama tunaambiwa ni la muda tu.

Lakini wengi wetu tunajipa moyo kwamba shule yetu ina bweni la tofali. Ni kweli kwamba tofali na zege haviungui. Ila tuinue macho tutazame juu. Paa limebebwa na kenchi za mbao nyembamba, chini yake kuna dari la bodi, na kati ya dari na mabati kuna uwazi unaotoka mwanzo wa jengo hadi mwisho wake. Moto ukipenya humo hukimbia juu ya vichwa vya waliolala, kwa sababu kuta za ndani nyingi huishia kwenye dari badala ya kufika kwenye mabati. Kenchi za chuma nazo si kinga kamili: joto likifika kama nyuzi 600, chuma hubaki na takriban nusu tu ya nguvu zake, kikapinda na kuangusha paa.

Kabla ya paa kuanguka, moshi huwa umekwisha kuua. Magodoro ya sponji yakiungua hutoa moshi mzito wenye sumu, na mtoto aliyelala anaweza kupoteza fahamu bila hata kuona mwali. Hapo ndipo ukuta imara unapogeuka mtego. Ukuta wa tofali hauvunjiki kwa teke la mtoto. Dirisha likiwa na nondo na mlango ukiwa na kufuli, hana pa kupita. Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Kanuni tunazo tayari. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu ya Kenya, wa mwaka 2008, unataka bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Vitanda viachane kwa mita 1.2 na njia ya kupita iwe na mita 2. Kinachokosekana ni watu wa kusimamia kanuni hizo, na watu hao ni sisi.

Basi katika kikao kijacho cha wazazi, kila mmoja wetu aombe kuingia bwenini, twende na fundi na futi ya kupimia. Tuhesabu milango na vitanda. Tuone funguo zinakaa kwa nani usiku. Tutakayoyaona yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, yawe na tarehe ya kurekebishwa na jina la atakayewajibika.

Mwalimu atatuambia kwamba nondo zinazuia wizi na utoro. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni uzio na mlinzi wa usiku. Watoto wasifungiwe kwa sababu ya mwizi. Kukata nondo, kugeuza mlango ufunguke kwa nje na kupandisha ukuta wa kati hadi kwenye mabati ni kazi ambayo mafundi wetu wa mtaani wanaiweza. Tuichangie kama tunavyochangia harusi na mazishi. Wahitimu wa shule wachange, mafundi watoe nguvu zao, na kikosi cha zimamoto kialikwe kuwafundisha watoto kutoka gizani, kila muhula.

Shule ikikataa kufungua milango yake, tusiiachie watoto wetu walale humo hata usiku mmoja.