Mifupa dhaifu: Hatari inayonyemelea wazee Kitale na Bungoma

MAMA wa miaka 65 anapoteleza kwenye tope uani mwake na kuvunjika kifundo cha mkono, jamaa zake husema ni ajali tu. Hupelekwa hospitalini akafungwa plasta, au kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa, na baada ya wiki kadhaa hurejea shambani.

Ni nadra mtu kuuliza swali lililo muhimu zaidi: Kwa nini mfupa ukavunjika kwa kuanguka kudogo kama huko?

Jibu mara nyingi ni ugonjwa wa udhaifu wa mifupa, ambao madaktari huuita osteoporosisi. Ugonjwa huu hauumi wala hauleti homa. Mfupa hupungua uzito kimyakimya kwa miaka mingi, na dalili ya kwanza huwa ni kuvunjika kwenyewe.

Duniani, inakadiriwa kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanamume mmoja kati ya watano waliopita umri wa miaka 50 watavunjika mfupa kutokana na udhaifu huo. Kuvunjika nyonga ndiko kubaya zaidi, kwani takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hufariki katika mwaka unaofuata.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, na 1,670,570 katika kaunti jirani ya Bungoma. Kote nchini, waliotimiza miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Wazee wanazidi kuongezeka, na mzigo huu utaongezeka pamoja nao.

Kuna imani kwamba mkulima aliyezoea jembe na mtungi wa maji hawezi kuwa na mifupa dhaifu. Ni kweli kwamba kazi za aina hiyo huimarisha mifupa, hasa kabla ya umri wa miaka 30 ambapo mfupa hufikia kilele cha uzito wake. Hata hivyo, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua, na mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa katika miaka mitano hadi saba. Jembe pekee haliwezi kuziba pengo hilo.

Kinaya ni kwamba eneo hili ndilo ghala la chakula la taifa. Ugali wa mahindi hushibisha, lakini gramu 100 za unga wake hazina hata miligramu 20 za madini ya kalsiamu. Kiasi hicho hicho cha unga wa wimbi kina takriban miligramu 340. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku.

Wimbi lilikuwa chakula cha Wabukusu na Wasabaot kabla ya mahindi kutawala mashamba. Leo lingali sokoni, sawa na omena wanaoliwa na mifupa yao, managu na sukuma wiki. Maziwa nayo hukamuliwa kila asubuhi, lakini familia inayouza yote na kubakisha ya chai tu inauza pia kinga ya mifupa yake. Glasi moja ina takriban miligramu 300 za kalsiamu.

Pombe nyingi na tumbaku huongeza hatari. Vivyo hivyo dawa za steroidi, kama vile prednisoloni, zinapotumiwa kwa muda mrefu kutibu pumu au baridi yabisi. Tenofoviri, mojawapo ya dawa kuu za kupunguza makali ya Ukimwi, pia hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi kidogo. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa hizo kwa hofu. Anapaswa kumweleza daktari wasiwasi wake.

Tangu 1994, Shirika la Afya Duniani limetambua ugonjwa huu kwa kipimo maalumu cha uzito wa mifupa. Mitambo ya kazi hiyo ni ghali, na kuisubiri ifike kila hospitali ni kuwaacha wazee waendelee kuvunjika. Tangu 2008 kumekuwa na FRAX, mfumo wa maswali uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ambao hukadiria hatari hata bila mtambo huo.

Njia ya kuwafikia wananchi ipo tayari. Mpango wa AMPATH, ulioanza 2001 kwa kutibu Ukimwi magharibi mwa Kenya, ulipanuka hadi kisukari na shinikizo la damu. Mwaka wa 2023, serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii vifaa vya kupima magonjwa hayo mawili nyumbani.

Wahudumu hao hao wanaweza kuuliza maswali matatu yasiyogharimu chochote: Je, umewahi kuvunjika mfupa baada ya miaka 50? Je, mzazi wako alivunjika nyonga? Je, kimo chako kimepungua?

Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013. Serikali za Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kuagiza kwamba kila mtu aliyepita miaka 50 na kuvunjika kwa kuanguka kudogo asiondoke hospitalini kabla ya mifupa yake kuchunguzwa. Dawa zipo, zikiwemo tembe za alendroneti zinazomezwa mara moja kwa wiki.

Plasta huponya mkono uliovunjika leo. Bila uchunguzi, kesho itakuwa zamu ya nyonga.