Wanamvisha mtoto kilemba cha ukoka

BARAZANI NA BI MWANAIDI

Wiki hii nina hasira, na hasira yenyewe nimeipatia Uingereza, nilikokwenda kumlea binti yangu aliyejifungua. Tuliingia duka moja kubwa kununua nepi. Karibu na mlango pana kibanda chenye kompyuta na printa. Unataja jina la ukoo wako, unalipa, unapewa cheti chenye ngao, taji, simba na maneno ya Kilatini. Mbele yetu alikuwepo msichana wa shule na mama yake. Ukoo wao ni Shakespeare.

Muuzaji akamkabidhi mtoto karatasi ikiwa bado na joto la mashine. "Hii ndiyo nembo ya ukoo wenu," akasema. "Nyinyi ni watu wa daraja la juu tangu zamani." Mtoto akaikumbatia, mama akatoa pesa. Binti yangu akanivuta mkono kabla sijafungua mdomo, maana ananijua.

Nasema bila kuzunguka: ule ni wizi. Uingereza hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu, na wanaoirithi ni wazao wake halali kwa upande wa kuumeni. Ofisi ya London inayozitunza, College of Arms, ipo tangu mwaka 1484, na haifichi kanuni hiyo. Watu elfu wakishiriki jina, nembo inabaki ya yule aliyepewa na kizazi chake. Wauza vyeti wanalijua hilo. Wananyamaza kwa sababu ukweli hauna soko mlangoni pa duka.

Tena wamemdhulumu mtoto yule habari za jina lake, na habari zenyewe zimeandikwa, zinasomeka. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutajwa kwa jina la Shakespeare ni William mmoja wa Clopton, Gloucestershire, aliyenyongwa mwaka 1248 kwa unyang'anyi. Mwaka 1487 msomi wa Merton College, Oxford, alilivua jina hilo akajiita Saunders, na kumbukumbu za chuo zikaeleza sababu: lilihesabiwa kuwa jina duni. Hilo ndilo daraja la juu alilouziwa mtoto!

Halafu akaja John wa Stratford, fundi wa glavu za ngozi, aliyetozwa faini mwaka 1552 kwa kurundika samadi mtaani. Huyo ndiye baba wa mshairi. Kwa ngozi na sindano alimlea William. Mwaka 1582, kwenye dhamana ya ndoa ya kijana huyo, karani aliandika Shagspere, na ndoa ikafungwa.

Nembo ya kweli ilikuwepo. John aliipata Oktoba 1596, ngao ya dhahabu yenye mkuki. Lakini Agosti ya mwaka huohuo walikuwa wamemzika Hamnet, mtoto wa kiume pekee wa William, akiwa na miaka 11. Zisomeni tena tarehe hizo, jamani. Heshima ya kurithiwa iliingia nyumbani mrithi akiwa kaburini. William alipofariki mwaka 1616, ndugu zake wa kiume wote walikuwa wametangulia, na hakubaki mwanamume wa kuipokea. Anayemuuzia mtoto wa leo nembo ile anauza kitu ambacho wenyewe walishazikwa nacho.

"Mama, ni zawadi tu," binti yangu aliniambia njiani. "Mtoto kafurahi." Sikukubali, na sikubali sasa. Mtoto anayefundishwa kwamba ametoka kwa mabwana anafundishwa kumwonea haya fundi wa ngozi. Mwalimu Nyerere alipotuletea tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, alituletea kazi ya mtoto wa fundi, na ikatutosha.

Ugonjwa huu unatokana na kuionea aibu kazi ya mikono, na haukuishia Uingereza. Pwani yetu tunao watu wazima, wenye elimu zao, wanaomsaka babu wa Shiraz mpaka wampate, wakamtundika sebuleni kwa fremu ya dhahabu. Babu mvuvi, aliyewasomesha kwa dagaa, hatajwi hata kwenye hitima yake.