Hewa Iingiayo Katika Injini: Vumbi Lipimwe Kabla ya Nguvu

Katika maduka mengi ya vipuri vya magari mijini, kando ya machujio ya hewa ya karatasi, huonekana siku hizi kifaa king'aacho sana: bomba fupi la alumini lenye chujio la umbo la koni kwenye ncha yake. Muuzaji hukisifu kwa mambo matatu. Kwanza, huongeza nguvu za injini. Pili, hupunguza matumizi ya petroli. Tatu, huipa gari sauti ya kiume. Mwenye gari akishawishika, kile kisanduku cheusi cha plastiki kilichotoka na gari kiwandani hung'olewa na kutupwa nyuma ya gereji, na bomba jipya hufungwa mahali pake. Swali ambalo ni nadra kuulizwa katika biashara hiyo ni lile lililopaswa kutangulia mengine yote: je, kifaa hiki huzuia vumbi kiasi gani?

Uzito wa swali hilo huonekana mara tu hesabu ndogo inapofanywa ubaoni. Lita moja ya petroli ina uzani wa gramu 740 hivi. Ili iungue sawasawa huhitaji hewa yenye uzani wa mara 14.7 ya uzani wake, yaani kilo 11 kwa kukadiria. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzani wa karibu kilo 1.2. Hivyo kila lita ya petroli huunguzwa kwa mita za ujazo 9 za hewa. Gari litumialo lita 8 kwa kila kilomita 100 litavuta mita za ujazo 72 katika mwendo huo, na likitembea kilomita 20,000 litakuwa limevuta mita za ujazo 14,400. Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 144. Basi gari dogo la kawaida, katika safari za mwaka mmoja au miwili, humeza hewa ya madarasa 100.

Hewa hiyo si safi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila mita ya ujazo ina miligramu 10 za vumbi. Nyuma ya lori katika barabara ya changarawe wakati wa kiangazi kiasi huweza kuwa kikubwa zaidi. Kwa kadirio hilo, gramu 144 za vumbi zitafika mlangoni mwa injini. Chujio linalozuia asilimia 99 litaruhusu gramu 1.4 kupita. Chujio linalozuia asilimia 96 litaruhusu gramu 5.8. Muuzaji atasema kwamba tofauti ya machujio hayo mawili ni asilimia tatu tu, na kwa namna yake ya kuhesabu amesema kweli. Lakini injini haidhuriwi na vumbi lililozuiwa. Hudhuriwa na lililopita, na hilo limekuwa mara nne. Mwanafunzi aliyeelewa hoja hii moja hatadanganyika kwa urahisi na asilimia zinazoandikwa juu ya maboksi.

Madhara yenyewe hayahitaji ufafanuzi mrefu. Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani huwa na chembechembe za kwatsi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, magumu kuliko chuma cha kalibu ambacho kuta za silinda nyingi hutengenezwa. Kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda kuna utando wa oili wenye unene wa mikroni chache tu. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Chembe isiyoonekana kwa macho, iliyo nene kidogo kuliko utando ule, hukamatwa kati ya vyuma viwili na kuvisaga kama msasa kila pistoni inapopanda na kushuka. Nyingine huteremka pamoja na oili hadi kwenye beringi. Hakuna kishindo. Baada ya miezi kadhaa gari huanza kula oili, moshi wa buluu hutoka kwenye ekzosi, injini huwa nzito asubuhi, na fundi hutamka neno ambalo kila mwenye gari huliogopa: kufungua injini. Kufikia hapo, hakuna anayekumbuka lile bomba linalong'aa.

Kwa upande wa nguvu, dai la muuzaji si uongo mtupu. Kila chujio huleta kizuizi fulani, na kizuizi hupunguza hewa. Tatizo ni ukubwa wa jambo lenyewe. Kizuizi hicho huweza kupimwa kwa kifaa cha senti chache: mpira mwembamba unaopenya nuru, uliokunjwa kwa umbo la herufi U na kutiwa maji, ncha moja ikiwa wazi na nyingine ikiunganishwa na bomba lililo baada ya chujio. Injini ikivuta kwa nguvu zote, maji hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Tofauti ya sentimita 10 ni sawa na kanieneo ya kilopaskali 1. Chukulia kwamba kipimo kimeonyesha sentimita 15, yaani kilopaskali 1.5. Kanieneo ya hewa ya pwani ni kilopaskali 101. Hivyo hata chujio lingeondolewa kabisa na injini ikaachwa kinywa wazi, faida haingezidi sana asilimia 1.5. Kwa injini yenye nguvu za farasi 100, hiyo ni farasi mmoja na nusu.

Kwa kulinganisha, gari lililopandishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa ambayo kanieneo yake imepungua kwa karibu asilimia 18. Dereva wake hulalamika kidogo mlimani, kisha huzoea. Ni ajabu kwamba mtu asiyetambua hasara ya asilimia 18 huapa kwamba ameihisi faida ya asilimia moja na nusu mara tu alipotoka gereji.

Jambo jingine ni joto. Kisanduku cha kiwandani kwa kawaida huvuta hewa ya nje, kupitia mdomo uliowekwa mbali na injini. Koni iliyo wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta na kupashwa moto na ekzosi. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 30 na ile ya chini ya boneti nyuzi 60, kanuni ya gesi aisomayo mwanafunzi wa sekondari yatosha kutoa jibu: kelvini 303 zikigawanywa kwa 333 ni 0.91. Hewa imepungua kwa asilimia 9. Katika mwendo wa kasi upepo hupunguza tofauti hiyo, lakini katika foleni za mjini na milimani kwa mwendo wa polepole, aliyenunua nguvu ameuza zaidi ya alichonunua.

Kuhusu petroli, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 na Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ulionyesha kwamba katika magari ya kisasa ya petroli hata chujio lililozibwa halikubadili matumizi ya mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa kuongeza mwendo. Sababu yake ni nyepesi. Katika mwendo wa kawaida kizuizi kikubwa cha hewa ni ule mlango mdogo unaoamriwa na pedali ya dereva. Chujio likizuia kidogo zaidi, dereva hukanyaga kidogo zaidi, na kompyuta ya gari hupima hewa iliyoingia na kutoa petroli inayolingana nayo. Kwa magari ya zamani ya kabureta hali ni tofauti, maana kabureta haina kipimo cha kujisahihisha. Lakini hata huko dawa ya chujio lililoziba ni chujio jipya la karatasi.

Inabaki sauti. Kisanduku kile cheusi, pamoja na vijitundu na mapango yake yasiyoeleweka na wengi, kimeundwa pia ili kimeze mngurumo wa hewa inayovutwa. Kikiondolewa, mngurumo hufika sikioni mwa dereva, na sikio huuambia ubongo kwamba gari linakimbia. Hapana ubaya mtu kuipenda sauti, mradi ajue kwamba amenunua sauti. Anayetaka kujua zaidi na achukue saa, achague mlima mmoja, apande mara kumi na chujio la zamani na mara kumi na jipya, siku moja, mzigo ule ule, kisha alinganishe wastani. Wachache sana miongoni mwa wanaosifu vifaa hivi wamewahi kufanya hivyo.

Watetezi wake hupenda kutaja magari ya mashindano. Ni kweli kwamba mhandisi wa mashindano hubadili njia ya hewa, na hufaidika, kwa sababu amebadili pia kemshafti, vali na kasi ya injini. Injini iliyofanywa ivute hewa nyingi mno huhitaji njia pana. Tena injini yake hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara, si kusubiri kilomita laki mbili. Hata hivyo, mashindano yenyewe yanayofahamika zaidi Afrika Mashariki yanatoa funzo lisilo la upande wa muuzaji. Katika Safari Rally ya miaka ya 1990 magari yalionekana na bomba lililopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Mafundi wale hawakuitafuta ngurumo. Waliitafuta hewa iliyo juu ya wingu la vumbi na juu ya maji ya mito.

Bomba la namna hiyo, lionekanalo sana katika Land Cruiser za mbuga na za miradi ya vijijini, ndilo badiliko moja la njia ya hewa linaloweza kutetewa kwa uzito katika barabara zisizo na lami. Lakini nalo lina sharti. Viungo vyake vyote hadi kwenye chujio havina budi kuzibwa visipitishe maji, la sivyo mwenye gari ataingia mtoni kwa ujasiri asiostahili. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda, mkono wa pistoni hupinda kwa mapigo machache. Kwa sababu hiyo hiyo, yale mabomba yanayoshushwa nyuma ya bampa ili "yavute hewa baridi" ni hatari kubwa katika mitaa ya Dar es Salaam inayofurika wakati wa masika.

Machujio ya pamba iliyopakwa oili yanastahili neno lao. Husifiwa kwa kuwa huoshwa na kutumika tena, na sifa hiyo si ndogo mahali ambapo vipuri ni ghali. Lakini uzuiaji wake wa vumbi hutegemea oili iliyopakwa sawasawa. Ikipungua, vumbi hupita. Ikizidi, huweza kurushwa na kufunika waya mwembamba wa sensa ya hewa, na kompyuta ikaanza kukosea hesabu. Kuchagua chujio la namna hii ni kuchagua pia kazi ya kuliosha, kwa mikono yenye subira.

Ijapokuwa lawama nyingi zimeelekezwa kwa vifaa vipya, chujio la karatasi nalo huteswa na desturi ya gereji ya kulipuliza kwa kompresa kila gari linapofanyiwa sevisi. Karatasi iliyokwisha shika vumbi kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko ilipokuwa mpya, kwa kuwa vumbi lenyewe husaidia kuziba vinyweleo vikubwa. Upepo mkali hulirudisha nyuma na mara nyingine kuitoboa karatasi, na tundu dogo kama la sindano hubatilisha kazi ya chujio zima. Bodaboda zinazotembea bila sponji ya chujio, kwa kuwa "pikipiki inakuwa nyepesi," ni mfano wa kusikitisha zaidi, kwa sababu injini ile ndiyo chakula cha familia.

Kipimo cha haki kipo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5011 hueleza jinsi ya kupima chujio kwa mambo matatu: vumbi linalozuiwa, vumbi linaloweza kubebwa kabla ya kuziba, na kizuizi cha hewa, na vumbi la majaribio linalotumika asili yake ni mchanga wa Arizona, Marekani. Ingefaa mashirika ya viwango ya nchi za Afrika Mashariki yadai namba hizo zichapishwe juu ya kila boksi la chujio linaloingizwa, kwa lugha inayosomeka na mnunuzi, kama vile boksi la dawa linavyotaja kiasi cha dawa. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini chujio zuri halijiuzi, kwa maana kazi yake haionekani, na ndiyo sababu namba zinahitajika.

Hadi namba hizo zitakapopatikana, mwalimu wa fizikia mwenye gari la shule anaweza kufanya uchunguzi mmoja bila gharama. Baada ya kilomita elfu moja za barabara ya vumbi, injini ikiwa imezimwa na kupoa, bomba lililo baada ya chujio lifunguliwe, na ndani yake pafutwe kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na oili kidogo, si neno. Kikitoka na rangi nyekundu ya udongo wa barabara, chujio hilo, liwe la bei gani, haliwezi kazi yake au halikukaa sawasawa mahali pake, na wanafunzi wenyewe wanaweza kutafuta ni lipi kati ya hayo mawili.