Mama Kuku Hana Kalenda

Kwenye mikutano ya siku hizi kuna mfano mmoja unaopendwa sana. Mtu wa shirika anasimama, anashika maikrofoni, anasema: "Ndugu zangu, hata kuku analea vifaranga wake, lakini siku inafika anawadonoa na kuwafukuza ili wajitafutie. Na msaada ni vilevile. Sasa ni wakati wa kujitegemea." Watu wanacheka kidogo, wachache wanapiga makofi, mkutano umefungwa. Tunarudi nyumbani na mgao uliopungua, tena tumeambiwa kwamba ndivyo Mungu alivyoumba.

Mimi sina ugomvi na mfano huo. Nauona mzuri kabisa. Shida yake ni moja tu: anayeutoa hajafuga kuku.

Naishi Mutanga Sud, katika chumba cha nyuma kwenye parseli ya watu, na kuku wa mwenye nyumba wanapita mlangoni kwangu tangu asubuhi. Nimezaliwa Kivu ya Kusini, na kwetu hakuna mtoto asiyejua mambo ya kuku. Basi niruhusuni niwaeleze kuku anafanya nini hasa, halafu tuone kama ndivyo tunavyofanyiwa.

Kuku analalia mayai siku 21. Kifaranga anatoka na vinyoya laini ambavyo haviwezi kumpa joto la kutosha, kwa hiyo wiki za kwanza mama ndiye nyumba yake na ndiye blanketi lake. Mvua ikinyesha, mabawa yanafunguka. Mwewe akizunguka juu, mama anatoa sauti na wote wanajificha. Mchana anachakura, akipata mdudu hamezi: anamwangusha chini, anaita ko-ko-ko, watoto wanakimbilia. Hapo hagawi chakula peke yake. Anaonyesha kinapatikana wapi na kinatafutwaje.

Kwenye wiki ya tano au ya sita, manyoya ya kweli yanakuwa yamefunika mwili. Kuku wetu wa kienyeji mara nyingi anaendelea kulea hadi wiki ya nane, hata kupita hapo. Kisha jioni moja anaruka juu ya mti, anawaacha chini wakilia. Mwenye nguvu anamfuata. Siku zinazofuata, anayemkaribia wakati wa kula anadonolewa kichwani. Mama anajitayarisha kutaga tena.

Angalieni vizuri, enyi mnaopenda mfano huu. Kuku haangalii tarehe. Hasemi "mradi umefika mwisho Desemba." Anaanza kudonoa wakati watoto wana manyoya na wanajua kuchakura. Na jambo la pili ni kubwa kuliko hilo: akishawadonoa, hafungi uwanja. Kifaranga aliyefukuzwa asubuhi, saa nne anachakura kwenye jalala lilelile, karibu na mama yuleyule. Ameondolewa chini ya bawa, hajaondolewa kwenye ardhi. Ndiyo maana wazee walisema teke la kuku halimuumizi mwanawe.

Sasa tuje kwetu. Manyoya ya mkimbizi ni nini? Ni kipande cha shamba, au karatasi ya kazi inayokubalika, au diploma ya Kongo inayosomwa hapa kama diploma, au mtaji wa kuanzia, na ruhusa ya kutembea. Mkaaji wa Kavumu, Bwagiriza au Musasa anayetaka kuja Bujumbura kutafuta kibarua, kwanza anaomba karatasi ya kutoka kambini. Huyo mnamdonoa aende wapi, na lango limefungwa? Nasi wa mjini, ambao hatumo kwenye mgao wa chakula wa kambi, tulishajitegemea kabla ya mikutano yenu. Kujitegemea kwetu ni kufua nguo za watu, kulinda mageti usiku, na kudaiwa kodi kila mwezi.

Najua mtaniambia hela zimekwisha. Hilo silikatai. Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23, watu wetu maelfu kwa maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wakati uleule wafadhili walipokuwa wanapunguza fedha. Mwezi wa Machi, mgao wa PAM kwa waliotangulia ulishuka hadi nusu. Aliyegawanya kidogo kati ya wa zamani na wapya hakufanya dhambi. Kuku naye ana mayai mapya. Lakini basi semeni hivyo! Semeni: "Tumepunguza kwa sababu hatuna." Msiseme: "Tumepunguza kwa sababu mmekua." Njaa yenye sababu ya kweli, mtu anaivumilia na jirani zake. Njaa inayoitwa maendeleo inamfanya baba ajione mzembe mbele ya watoto wake.

Tena kuna jambo wafugaji wote wanalijua. Wapo wanaotenganisha vifaranga na mama mapema, wiki chache tu baada ya kutotolewa, ili kuku arudi kutaga haraka. Ni kazi halali, hata kwenye mafunzo ya ufugaji inafundishwa. Ila ina sharti: ukimwondoa mama, wewe ndiye mama. Unaweka boksi, unaweka taa au mbabula yenye makaa, unanunua chakula, unaamka usiku kuangalia. Ukiacha hayo, vifaranga wanajazana kwenye kona kutafuta joto, na asubuhi unaokota waliokufa. Hicho ndicho tunachofanyiwa: tunatenganishwa mapema kwa hesabu ya mwenye kuku. Sawa. Mbabula iko wapi?

Msiniambie kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Warundi wanajua historia hii kuliko mimi, maana ni yao. Waliokimbia mauaji ya 1972 walipokelewa Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipewa ardhi, wakalima, wakavuna. Kufikia mwaka 1985 walikuwa wanajilisha wenyewe, ndipo msaada ukaondoka. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walipata uraia wa Tanzania. Maisha yao hayakuwa mteremko, lakini mpangilio ulikuwa sahihi: ardhi kwanza, mdono baadaye. Tanzania hiyohiyo ndiyo yenye msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo unasema mpe jembe. Hausemi mnyang'anye sahani.

Kuna ndugu zangu wa kambini watakaokasirika: "Sisi si vifaranga!" Kweli, hatuko. Tulikuwa walimu, wavuvi, wauguzi, wafanyabiashara wa Uvira na Fizi. Kuchakura tunajua toka zamani. Hiyo ndiyo sababu hatuhitaji semina nyingine ya kufundishwa kutafuta. Tunahitaji uwanja. Nanyi pia, msipige makofi kwa adabu kila mfano unapotolewa. Nyosheni mkono, muulize.

Muulize hivi. Moja: familia hii ambayo mgao wake unakatwa, ina manyoya gani leo, na nani alikuja nyumbani kuyaangalia? Mbili: ikidonolewa, inaruhusiwa kuchakura wapi, umbali gani, kwa karatasi gani? Tatu: kama inatenganishwa mapema kwa ajili ya bajeti, taa ni ipi na itawaka miezi mingapi?

Mfanyakazi wa shirika mwenye majibu matatu, tutamsikiliza hadi mwisho, hata kama majibu ni machungu. Asiye nayo aseme tu kwamba ghala limepungua, na amwache kuku wa watu nje ya hotuba yake.