Dawa au Sumu?

Mkulima wa pilipili huko Kiserian, chini ya vilima vya Ngong, akiona vidukari wamejibanza nyuma ya majani husema, "Lazima nipige dawa." Neno hilo linatupotosha. Dawa huponya, anachonyunyiza mara nyingi ni sumu, nayo haichagui adui. Humwua kidukari pamoja na nyuki azuruye maua, na hata yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi ambaye chakula chake ni vidukari hao hao.

Njia nyingine zipo. Mbegu za mwarobaini zikipondwa na kulowekwa, maji yake huwazuia wadudu wengi kula na kukua. Kituo cha ICIPE jijini Nairobi, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimeonyesha kwamba wadudu waweza kudhibitiwa kwa kuzifahamu kwanza tabia zao. Sumu, ikiwa haina budi, na ije mwisho.

Walimu wenzangu, tuanzie kwenye bustani za shule: sumu tuiite sumu. Mwanafunzi aliyefunzwa kuiita kwa jina lake hataishika kwa mikono mitupu.