X nyekundu Nyololo: kodi ya fremu arudishe nani?



Wikiendi iliyopita nilishuka Nyololo, pale kati ya Mafinga na Makambako. Sisi wa kazi hii ya uandishi tukisikia Nyololo tunakumbuka tarehe 2 Septemba 2012, siku aliyouawa Daudi Mwangosi wa Channel Ten akiwa kazini. Kila nikipita hapo huwa nanyamaza kidogo. Safari hii lakini nilipelekwa na mambo ya familia.

Binamu yangu, aliyemaliza chuo akachoka kuzunguka na bahasha, alipata fremu kando ya barabara kuu ya Mbeya. Akalipa kodi ya mwaka mzima, akatengeneza shelfu, akafungua steshenari. Mwezi wa tatu anafika asubuhi anakuta ukutani X nyekundu. Akamwendea mwenye fremu: "Shikamoo baba, tumewekewa X." Mzee akajibu: "Marahaba mwanangu. Mkataba ni mkataba. Ulipokuja kupanga, barabara hukuiona?"

Jamani! Sasa tuelewane kuhusu hiyo X. Zamani hifadhi ya barabara kuu kama hii ilikuwa mita 22.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zikaisogeza hadi mita 30. Ndiyo maana TANROADS wana rangi mbili. Kijani ni ya aliyekuwepo kabla mpaka haujasogezwa: atalipwa fidia eneo lake likichukuliwa. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi: anatakiwa kubomoa, na hakuna fidia. Tuliazima futi ya fundi tukapima. Mita 19! Hapo hakuna ubishi.

Halafu majirani wakatunong'oneza kwamba hiyo X si ya kwanza. Ya zamani iko chini ya ile rangi ya krimu ambayo mzee aliisifia sana siku ya kuonyesha fremu.

Najua wapo watakaomtetea mzee. Watasema fremu bado imesimama, binti auze madaftari yake mpaka siku greda litakapokuja. Na ni kweli, X inaweza kukaa miaka bila kitu kutokea. Lakini wewe ungekopa ujaze mzigo kwenye duka la namna hiyo? Binamu yangu alilipia mwaka wa biashara. Alichopewa ni bahati nasibu.

Msimamo wangu ni huu: avunje mkataba, na asione aibu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema aliyekubali kwa kudanganywa anaweza kujitoa. Na mkataba ukishakuwa batili, aliyefaidika nao anatakiwa kurudisha alichopokea. Kwa haki kabisa, miezi mitatu aliyoitumia fremu ni ya mzee. Miezi tisa ni ya binti.

Ila avunje mchana kweupe. Kuna wenzetu wanahamisha mali usiku na kuondoka na ufunguo, kesho yake wao ndio wanaitwa matapeli. Andika barua, eleza sababu, ambatanisha picha ya X, mpe nakala mtendaji wa kijiji, kabidhi ufunguo mbele ya mashahidi.

Na hapa na mimi najisuta. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zilivunjwa Kimara hadi Kiluvya, kando ya barabara ya Morogoro. Wenye nyumba tuliwasikia wakilia, na walistahili kusikilizwa. Mpangaji wa fremu, aliyelipa kodi wiki moja kabla, sikumbuki kusoma habari yake. Hana kiwanja, kwa hiyo hahesabiki?

Tena viongozi wetu wa vijiji wanaogonga mihuri kwenye mikataba hii wanajua fika mpaka wa barabara uko wapi. Muhuri ugongwe baada ya kupima, siyo kabla.

Mzee kasema atarudisha ya miezi mitano. Binti kakataa, wanakwenda baraza la ardhi. Mimi kanituma nimnunulie futi ya mita 30. Anasema hata akipata fremu nyingine kesho, hatoi hata shilingi kabla hajapima mwenyewe.

Je wewe, hiyo unayolipia kodi umeipima?